Mwaka Tuliokula Bila Chumvi

Salome alinipigia simu asubuhi, nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Gede nikimalizia sare za shule, akaniambia mama yake anataka kuniona. Nikamuuliza kama ni mgonjwa. Akasema, "Ni mgonjwa, shangazi. Siku hizi tunasema tu. Ni mgonjwa." Simu ilipokatika nikacheka peke yangu, kicheko kibaya, maana katika nyumba ya Mama Salome niliyoijua mimi neno hilo halikuwa likitajwa. Mtu angelala kitandani hawezi hata kugeuka, na bado ungeambiwa hapa hakuna mgonjwa, kuna ndugu anayengoja kuinuka. Salome alikuwa amenieleza kwamba figo za mama yake zimechoka, daktari amemkataza chumvi, na tangu akatazwe amegoma kula. Kila akiletewa sahani anaisukuma kando na kuniulizia, "Mbithe yuko wapi?" Niliacha sare mezani, nikafunga duka. Njiani mpaka Kilifi sikuwa nikimfikiria Mama Salome. Nilikuwa nikimfikiria Kioko, na hasira iliyonipanda nilidhani nimekwisha kuizika pamoja naye.

Sitapoteza wakati na habari za kwetu Kitui wala za harusi yetu. Inatosha kusema kwamba katikati ya miaka ya themanini, mwaka ule wa njaa na mahindi ya manjano, nilikuwa mke mpya, na mume wangu Kioko alikuwa dobi katika hoteli moja ya Bofa. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi mashuka ya wageni tangu asubuhi mpaka alasiri, amesimama. Tulipanga chumba mjini Kilifi katika nyumba ya Bi Rehema, mjane wa Takaungu, mnene, mpole, mwenye sauti iliyofika kila pembe ya nyumba bila yeye kunyanyuka mkekani. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza moja, na jiko la makaa nililolitoa uani wakati wa kupika. Kuta hazikufika juu. Kati ya ukuta na makuti palikuwa na nafasi ya kupita paka, na maneno yalipita hapo kuliko paka. Mimi nilijua Bi Rehema ameomba dua gani, na yeye alijua tumegombania nini. Nilipofika niliona aibu, hata kucheka nilikuwa nikicheka ndani ya kanga. Baadaye nilizoea, na mpaka leo nikilala kwenye nyumba yenye dari najiona nimefungiwa sandukuni.

Ugonjwa ulianza na soksi. Kioko alivua viatu jioni moja, na pale soksi zilipobana pakabaki mfereji ambao ungeweza kulaza kidole ndani yake. Tulisema ni kusimama. Kila mtu alisema ni kusimama. Nilimkanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi, dawa ya kila mama, naye akafumba macho akasema hata wageni wa hotelini hawapati raha hiyo. Kisha uso ukaanza kuvimba asubuhi, macho yakawa madogo, na mkojo ukapungua. Hospitalini walimpima, wakampa vidonge, na daktari mmoja kijana, mwenye uchovu wa mtu aliyekesha, akaniambia mbele ya Kioko kwamba figo zimeharibika na asile chumvi, hata chembe. Halafu akanivuta kando ya mlango akaniambia mengine: kwamba hapo hawana la zaidi, kwamba Mombasa huenda wakamsaidia kidogo, kwamba chumvi ikimwingia maji yatapanda kifuani. "Mchunge, mama," akasema. Tulipotoka Kioko akaniuliza alikuwa akininong'oneza nini. Nikamwambia, amesema usile chumvi. Akasema hilo alilisikia. Nikamwambia, basi ndilo hilo. Tukatembea mpaka nyumbani polepole, yeye akisimama kila penye kivuli, mimi nikijifanya natazama nguo za madukani.

Jaribu siku moja kupika bila chumvi ndipo utanielewa. Mboga huwa majani. Wali wa nazi, ambao Bi Rehema ndiye aliyenifundisha kuupika, huwa kama umepika karatasi. Muthokoi, chakula cha kwetu cha mahindi na maharagwe ambacho Kioko alikipenda kuliko nyama, niliupika kwa yale mahindi ya manjano ya msaada, bila chumvi, naye akatafuna tonge moja muda mrefu akaniambia, "Mbithe, hata punda angeuliza maswali." Tulicheka mpaka Bi Rehema akagonga ukuta kutaka aelezwe. Ni yeye aliyenifundisha kukamulia ndimu, kuponda tangawizi, kutia pilipili mbichi mpaka ulimi usahau kinachokosekana. "Chumvi imekatazwa, mwanangu, ndimu haijakatazwa," alisema. "Nasi twajitahidi. La Mola ni la Mola." Nami niliamua nitakula kile anachokula yeye. Kopo la chumvi nililiweka juu kabisa ya ukuta, chini ya makuti, nikalifunika kwa kitambaa. Kioko aliniambia hakuna haja, mimi sina ugonjwa, nile kama watu. Nikakataa. Nilikuwa mbishi, na bado ni mbishi. Bahari nzima ya chumvi ilikuwa pale chini yetu, upepo wake ukitufanya hata midomo yetu iwe na chumvi, na mume wangu alikuwa haruhusiwi hata kijiko. Miezi ikapita hivyo. Nikimtazama anakula nilikuwa na uhakika mmoja tu duniani, kwamba maisha yake nimeyashika mimi, na yamo ndani ya lile kopo.

Sasa nimtaje Mama Salome, na nimtaje kwa haki. Alikuwa Mtaita, muuza mitumba sokoni, na ndiye aliyeongoza ushirika wetu wa maombi, watu wa bara wengi wetu, wa mahotelini na wa kiwanda cha korosho, tuliokutana uani kwake kila Jumatano na Jumapili. Ni yeye aliyetutafutia chumba kwa Bi Rehema. Kioko alipoacha kazi ni yeye aliyekuwa akija na kikapu cha unga kichwani, akiimba kutoka njiani ili nisione haya kumfungulia. Aliomba kama mtu anayesukuma mlango. Siku walipokuja wote kumwombea Kioko, walimwekea mikono, wakalia, wakashuka jasho chumba kikawa tanuri, na mwisho Mama Salome akapiga makofi mara moja akasema, "Imekwisha. Amepona." Kuanzia hapo ilikuwa sheria. Walioamini hawakutakiwa kuutaja tena ugonjwa, kwa kuwa kuutaja ni kuurudisha. Mtu akifika mlangoni akauliza mgonjwa anaendeleaje, Mama Salome alimjibu kabla yangu, kwa tabasamu, "Hapa hakuna mgonjwa." Na Kioko yuko pale kitandani, miguu juu ya mto, anaitikia salamu kwa pumzi mbili mbili. Nilipomuuliza usiku ule kama anajiona amepona, alisema hajui waliopona hujionaje. Nilipomuuliza kama maji yamepanda, alisema ndiyo, lakini nisiwaambie, watasikitika. Katika watu wote waliompenda, aliyemruhusu kusema naumwa alikuwa Bi Rehema peke yake. Alikuwa akimletea uji wa mchele usio na kitu, akaketi mlangoni na kuuliza, "Leo waumwa wapi, mwanangu?" Kioko alimweleza, kidogo kidogo, naye akiitikia, "Pole. Pole baba."

Maneno yaliyonivunja niliyasikia juu ya ukuta. Wanawake wa ushirika walikuwa wamekuja kumwona Bi Rehema kuhusu kuazima sufuria kubwa, nami nilikuwa chumbani nakunja nguo, Kioko amelala. Mmoja akasema, "Mungu ameshafanya kazi yake. Anayezuia ni mkewe. Bado anampikia chakula cha mgonjwa." Mwingine akasema, "Mtu aliyepona anakula bila chumvi kwa nini? Huko si kumwambia Mungu kwamba hatumwamini?" Bi Rehema akasema tu, "Sufuria zipo, chukueni." Nilikaa kitandani na shati la Kioko mapajani. Sikulia. Nilijiuliza kama ni kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Huenda Mungu alikuwa amesimama mlangoni na mimi na ndimu zangu tumemzibia njia. Niliambiwa subira yavuta heri mpaka nikaanza kuichukia subira. Sasa naambiwa hata kumtunza mume wangu ni dhambi. Nilipogeuka, Kioko alikuwa amefumbua macho. Alikuwa amesikia yote. Akaninyooshea mkono na kusema, "Wametaka sufuria za nini?"

Zilikuwa za shukrani. Katika ushirika wetu mtu akiponywa hufanyiwa chakula cha shukrani na kusimama kutoa ushuhuda, na Mama Salome alikuwa ameona kwamba shukrani ikitangulia, uponyaji utalazimika kufuata. Mwaka ule watu walikuwa na njaa. Hata hivyo walichanga, wengine wakatoa kuku wa mwisho wauzwe, akapatikana mbuzi. Kioko alikwenda uani kwa Mama Salome ameshikwa mikono pande mbili, amevaa suti ya harusi iliyokuwa haifungiki tumboni, na viatu vya kuazima kwa mtu mwenye mguu mkubwa. Mimi nilibeba sufuria ndogo ndani ya kanga, kuku niliyemchemsha kwa ndimu na tangawizi. Waliimba sana. Kisha akaitwa atoe ushuhuda. Alisimama ameshika mgongo wa kiti, akasema Bwana asifiwe, wakaitikia amina. Akasema, "Mimi ni wa Mungu. Nikipona," akakatika pumzi, na hapo hapo wakapaza vigelegele, wakapiga makofi, mmoja akaanza wimbo. Alingoja. Alikuwa akitabasamu kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke. Walipotulia akamalizia, "Nikipona ni wake. Nisipopona ni wake vilevile. Sasa tuleni, nyama inapoa." Wengi hawakuyashika yale ya katikati, kwa kuwa walipoisikia nyama walicheka yakapita. Mama Salome alisikia. Niliuona uso wake ukiganda.

Nilipomwekea Kioko sufuria yangu ndogo, Mama Salome akainama akaichukua kwa mikono miwili, kwa upole, kama unavyomchukua mtoto kwa mtu. "Binti yangu," akasema, "leo tunakula kwa imani. Hiki ni chakula cha nani?" Nikasema, "Ni cha Kioko, mama. Daktari amesema..." Akasema, "Daktari amesema. Na Mungu amesema nini?" Ua mzima ulitugeukia. Nilikuwa msichana, mgeni, mke wa mtu, mbele ya watu waliotulisha. Nilishika ukingo wa sufuria na yeye ameshika upande wa pili, na nilijua nikiivuta chakula kitamwagika. Nikamtazama Kioko aseme neno. Akasema, "Mbithe, keti ule." Akapakuliwa mbuzi na wali, nyama imekolea chumvi, mafuta yanang'aa. Alikula taratibu, mpaka akalamba vidole. Mimi niliona kila tonge likishuka na sikuweza kufanya lolote. Ninaandika haya ni mzee, na matonge yale bado nayahesabu.

Tuliporudi chumbani nilimgeukia kwa hasira. Nikamuuliza amekula kwa sababu anaamini amepona? Akasema, "Nimekula kwa sababu ilikuwa tamu." Nikaanza kulia. Ndipo akaniketisha akasema polepole, kila maneno machache akipumzika, "Wametoa kuku wao, Mbithe. Ningewaambia warudi nao? Na mimi nilikuwa na hamu. Wao wanadhani nikila, Mungu ataniponya. Wewe unadhani nisipokula, ataniacha hai. Mimi sidhani anangoja sahani yangu ndipo aamue." Nilimwambia asiseme hivyo, ni uvivu, ni kukata tamaa. Akasema si kukata tamaa, ni kuchoka kushikilia kitu ambacho hakikuwa mkononi mwake tangu mwanzo. Upande wa pili wa ukuta Bi Rehema alikuwa akivuta tasbihi, nasi tukazisikiliza zile shanga. Nilimchukia siku ile kwa yale maneno. Yalininyang'anya lile kopo lililokuwa juu ya ukuta, na sikuwa na kingine.

Maji yalipanda. Kama ni ile nyama, kama ni siku zake tu zilikuwa zimefika, sijui, na daktari niliyemuuliza baadaye alisema hata yeye hawezi kujua. Ndugu mmoja wa ushirika alileta pikapu yake tumpeleke Mombasa. Mama Salome alifika bila kuitwa, akapanda nyuma pamoja nasi, akaketi kwenye godoro na kuipakata miguu ya Kioko. Hakuimba. Siku zile daraja la Kilifi halikuwapo, ilikuwa feri, na tulipofika kwenye mteremko tulikuta foleni ya magari, na feri yenyewe iko ng'ambo, Mnarani, inapakia. Unaiona, na huwezi kuiita. Wauza korosho wakatuzunguka kama kawaida, na mmoja akachungulia nyuma akasema, "Korosho za chumvi, baba, za moto." Kioko akafumbua macho akaniambia, "Hata hapa zimenifuata." Nikamfukuza yule mtu. Dereva alishuka kwenda kuomba tupewe nafasi ya mbele, akarudi akasema tumepewa, lakini feri haijaja. Hapo nilimwona Mama Salome akifungua kinywa kuomba, na maneno yakakataa. Midomo ilicheza tu. Nadhani ile sala yake ya kusukuma mlango ilikuwa haina mlango pale, palikuwa na maji matupu. Ni Kioko aliyeomba. Alisema, "Bwana, feri iko ng'ambo. Na ng'ambo nako ni kwako." Akarudia kufumba macho. Tukangoja.

Alifariki Mombasa siku chache baadaye, mchana, nimetoka kwenda kununua maziwa. Nilirudi na maziwa. Nilipofika Kilifi, baada ya maziko, Bi Rehema alinipikia wali wa nazi na samaki, akatia chumvi kama inavyotakiwa, na tonge la kwanza likanichoma ulimi. Nilikuwa nimesahau. Akaniambia, "Kula mwanangu. Mola hakosi, ni sisi tusioona." Nilitamani kumrushia ile sahani. Nilikula, kwa kuwa alikuwa analia. Watu huniuliza, wakijua kisa hiki, kama sikumwacha Mungu, na huwajibu kwamba ningekwenda wapi? Nilimkasirikia miaka mingi, lakini nilimkasirikia nikiwa nimesimama mbele yake. Yale maneno ya Kioko niliyachukia, kisha nikayazoea, kisha siku moja nikajikuta nayasema mwenyewe, mtoto wa jirani anaumwa na hakuna gari. Kuhusu Mama Salome, tulikuwa tukikutana misibani. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watu wengine. Lile la sufuria hakuna aliyeligusa.

Siku ile ya simu nilimkuta nyumbani kwake, amelala kwenye chumba kinachotazama ule ua wa shukrani, amekonda, miguu imevimba. Nilitambua ule mfereji wa soksi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, binti yangu. Umezeeka." Nikamwambia na yeye pia. Salome akaleta ugali, mchicha na samaki wa ndimu, akaweka sahani na kutoka haraka, kama mtu anayeogopa itarushwa. Mama Salome hakuitazama. Akasema, "Siku ile nilikunyang'anya chakula." Nikasema ndiyo. "Nilidhani ni imani." Nikasema najua, mama. Akasema kwamba watu wa ushirika wanakuja kila jioni, wanampigia makofi na kumwambia amepona, naye anawaitikia amina ili wasisikitike. Nikamuuliza kama anataka na mimi nimwombee hivyo. Akatikisa kichwa. "Niombee ile ya feri," akasema. Nikashika mkono wake. Nilidhani miaka yote ile mimi peke yangu ndiye niliyeibeba sala ile, kumbe tulikuwa wawili. Nikasema, "Bwana, feri iko ng'ambo. Na ng'ambo nako ni kwako." Sikuongeza kitu, wala yeye hakusubiri niongeze.

Kisha nikavuta kiti, nikanawa, nikamega tonge katika sahani yake nikala. Naye akanawa. Akamega dogo, akalichovya kwenye mchicha, akatafuna muda mrefu huku amekunja uso.

"Haina ladha," akasema.

"Haina, mama."

"Wewe mwaka ule uliizoeaje?"

"Sikuizoea," nikamwambia. "Hata siku moja."

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa polepole. Halafu akamega tonge jingine, nami nikamega langu.